Mhadhiri, kaa kwanza kwenye kiti cha mwanafunzi

Tangu vyuo vilipofungwa Machi 2020 nimekuwa nikiwaandaa wahadhiri kufundisha mtandaoni. Mwanzoni nilianza na vitufe: hapa unapakia slaidi, hapa unaweka zoezi. Ndani ya siku mbili walivijua vyote, wakarudi idarani, na kozi zao kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, zikabaki ghala la slaidi. Nilikuwa nimewafundisha mfumo, si ualimu.

Siku hizi wiki ya kwanza hakuna anayefundisha. Wote wanaandikishwa kama wanafunzi, kwenye mada iliyo nje ya fani yao, na nawaomba waingie kwa simu, wakiwa nyumbani, kwa bando walilonunua wenyewe. Michango yao ya kwanza kwenye jukwaa la majadiliano naiacha siku tatu bila jibu, makusudi. Profesa mmoja, mzee ninayemwamkia shikamoo, aliniambia: "Mwanangu, niliandika aya mbili, nikafungua simu mara nne usiku ule kuona kama kuna aliyesoma." Hapo ndipo mafunzo yanapoanza.

Gilly Salmon, mtaalamu wa ufundishaji mtandaoni wa Uingereza, alizipanga hatua za kujifunza mtandaoni kuwa 5: kuingia na kupata ari, kuzoeana, kubadilishana taarifa, kujenga maarifa pamoja, kisha kujiendeleza. Wengi wetu tunarukia ya nne wiki ya kwanza, halafu tunalalamika kwamba wanafunzi wako kimya.

Stadi ninayoipa muda mrefu kuliko zote ni kuandika maelekezo. Mhadhiri wa kilimo alikuwa ameandika: "Jadilini visababishi vya mmomonyoko wa udongo." Alipata majibu sita, matatu yakifanana neno kwa neno. Tukakaa naye, likatoka hili: "Piga picha ya ardhi iliyoliwa na maji karibu na unapoishi. Andika sentensi tatu: maji yalitoka wapi, nini kingeyazuia, na nani angepaswa kufanya hivyo. Mjibu mwenzako mmoja ambaye eneo lake linafanana na lako. Mwisho ni Alhamisi saa mbili usiku. Mimi nitapita Jumatano na Ijumaa." Picha zilianza kuingia siku ileile. Swali la kwanza lilikuwa na jibu mtandaoni. La pili jibu lake liko nyuma ya nyumba ya mwanafunzi.

Kuhusu video nasema machache. Mtafiti Philip Guo na wenzake walipochambua video za kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, mwaka 2014, waliona watazamaji wanaanza kuchoka baada ya dakika 6 hivi. Kwetu bando nalo linakata. Kata mhadhara vipande, na kila kipande kiwe na sauti yake peke yake kwa asiyemudu picha.

Profesa yule sasa huwajibu wanafunzi wake kwa sauti. Wiki jana alinisikilizisha moja, sekunde arobaini tu: anamtaja mwanafunzi kwa jina, anasifu hoja yake ya pili, anamwambia ya tatu bado haina ushahidi, kisha anamuuliza ataupata wapi.