Je, wajua kwa nini kupanua silinda hakuipi pikapu kuukuu nguvu nyingi?

Chukua 22R, injini ya petroli iliyofungwa kwenye Toyota Hilux nyingi za miaka ya 1980. Kipenyo cha silinda ni milimita 92, pistoni inapanda na kushuka milimita 89, na silinda zote 4 zina cc (sentimita za ujazo) 2,366. Zipanue kwa milimita 1 nzima, weka pistoni za ovasaizi (pana kuliko za awali), utapata cc 2,418. Umeongeza cc 52, yaani asilimia 2.2. Hiyo haitoshi hata kuonekana kwenye mlima.

Mbona basi pikapu ikitoka kwa fundi inavuta kama mpya? Kwa sababu imerudishiwa nguvu iliyopotea. Silinda iliyochakaa haiwi duara tena, na juu, pale ringi (pete za chuma zinazoizunguka pistoni) zinapogeukia, huwa imelika kuliko chini. Gesi inayowaka inapita pembeni mwa pistoni na kuishia kwenye oili. Silinda ikinyooshwa, mwanya huo unazibwa, halafu sifa zote zinapewa zile cc 52.

Kabla ya kufungua chochote, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Silinda yenye kipimo cha chini itilie kijiko kimoja cha oili upime tena. Kipimo kikipanda, tatizo ni ringi au silinda. Kikibaki palepale, tazama valvu (milango ya hewa na moshi) au gasketi (kizibo cha maungio), na kama silinda 2 zilizo jirani zimeshuka pamoja, gasketi ya hedi (kifuniko cha juu ya silinda chenye valvu) ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Nguvu mpya iko kwenye hedi. Kuongeza petroli ni rahisi. Kazi ni kuingiza hewa ya kuiunguza. Siti za valvu zisagwe kwa pembe 3: nyuzi 45 mahali valvu inapokaa, kisha 30 na 60 juu na chini yake ili hewa ipinde bila kujigonga. Hakikisha gasketi ya manifodi (bomba la kuingiza hewa) haichunguli ndani ya tundu la hewa. Usishawishike kupanua matundu kupita kiasi, wala kufunga kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya mashindano. Hewa itapungua kasi, na nguvu itahamia kwenye mizunguko ya juu, wakati pikapu yenye mzigo inafanya kazi chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika.

Njia nyingine ni kupandisha uwiano wa kompresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi. Tuseme injini ile ina 9:1. Nafasi iliyobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni kama cc 74. Ukipanua silinda hadi milimita 93 na nafasi hiyo isiguswe, uwiano umeshapanda wenyewe hadi karibu 9.2. Kufika 10:1 unatakiwa kupunguza cc 7 hivi kwa kukata uso wa hedi, na faida ni takriban asilimia 3. Ni kidogo, na ina gharama: injini inaweza kuanza kugonga (petroli kulipuka yenyewe ovyo) kwa petroli ya oktani ndogo, na kugonga hutoboa pistoni. Tena hedi ikishuka, kamshafti inaisogelea kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), cheni inayoziunganisha inalegea, valvu zinachelewa kufunguka. Bandika udongo wa kufinyangia juu ya pistoni, funga hedi, zungusha kwa mkono mizunguko 2, fungua upime. Valvu ya kuingiza iachiwe angalau milimita 2, ya kutoa moshi 2.5.

Injini nyingi zilizofanyiwa kazi hii hufa kwa uzembe mdogo. Silinda huchongwa kufuata pistoni zilizokwisha nunuliwa na kupimwa, si kinyume chake. Mwanya wa ringi ya juu ni takriban milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo, hivyo silinda ya 93 inataka kama 0.37. Iweke ringi ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ikae sawa, pima kwa fila geji (vibamba vya kupimia mianya). Ikibana, ncha zake zitakutana injini ikipata moto, na ringi itavunjika au itakwaruza ukuta.

Baada ya honi (kusugua ukuta wa silinda kwa jiwe), osha silinda kwa maji moto na sabuni. Petroli huondoa grisi tu na kuacha vumbi la jiwe ndani ya mikwaruzo, na vumbi hilo litasaga ringi mpya. Futa kwa kitambaa cheupe mpaka kitoke kikiwa cheupe, kisha paka oili papo hapo kabla ya kutu.

Mwisho kabureta. Hewa ikiongezeka, jeti (kitundu cha kupitisha petroli) ya zamani haitoshi. Plagi ikitoka nyeupe kama chaki, weka jeti kubwa zaidi kabla ya kupakia mzigo.