Je, wajua kwa nini mtafiti wa samoni huomba ruhusa ya kuua samaki anaotaka wapone?

Katika majimbo ya magharibi ya Marekani, yaani Washington, Oregon, Idaho na California, wanasayansi wa samaki hujaza ombi ambalo ukilisoma kwa mara ya kwanza unashtuka. Utakamata samoni wangapi? Wadogo au wakubwa? Wa asili au wa kutotoleshwa? Utawafanya nini? Na kisha: wangapi watakufa mikononi mwako? Mtu anayetega mtego mtoni msimu mzima hawezi kuandika sifuri akaaminika. Lazima aandike namba, naye ni yule yule aliyejitolea kuhakikisha samaki hao hawatoweki.

Chanzo cha swali hilo ni Sheria ya Viumbe Walio Hatarini Kutoweka, ambayo Rais Richard Nixon aliitia saini tarehe 28 Desemba 1973. Haikumlenga jangili peke yake. Inakataza kumsumbua kiumbe anayelindwa, kumdhuru, kumfukuza, kumwinda, kumpiga risasi, kumjeruhi, kumuua, kumtega, kumkamata, kumkusanya, na hata kujaribu lolote kati ya hayo. Mwanafunzi wa chuo anayemchota kifaranga wa samoni kwa kimia, akampima urefu na kumrudisha majini baada ya dakika moja, amekwisha kufanya jambo lililokatazwa. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo ndicho kinachompa njia: serikali inaweza kuruhusu kitendo hicho kwa ajili ya sayansi au kwa ajili ya kuwaongeza viumbe wenyewe, mradi mwombaji awe na nia ya kweli, kibali kisiwadhuru wanaolindwa kwa ujumla wao, na kazi iendane na shabaha ya sheria.

Hapo wengi hudhani kibali ni urasimu tu, au ni dalili kwamba serikali haiwaamini wanasayansi wake. Mimi naona kazi yake kubwa ni hesabu. Mtafiti mmoja akiua vifaranga kumi kwa bahati mbaya, mto hautajua. Lakini kwenye mto huo huo wapo watu wa chuo kikuu, wa idara ya jimbo, wa kampuni ya umeme inayoendesha bwawa, wa makabila ya wenyeji wa asili, na kila mmoja ana kumi zake. Asipokuwepo anayejumlisha, kila mtu atalala akiamini kwamba hakudhuru chochote. Ni kama daftari la mkopo dukani: mkopo mdogo wa kila jirani hauonekani mpaka mwenye duka ajumlishe.

Mwenye daftari kwa samoni ni idara ya uvuvi iliyo chini ya NOAA, shirika la serikali la bahari na angahewa. Daftari lake halina ukurasa mmoja, kwa sababu samoni hurudi kutoka baharini kuzaa katika mto aliozaliwa, na baada ya vizazi vingi samaki wa mto mmoja wanakuwa tofauti na wa mto wa pili hata kama jina ni moja. Ndiyo maana kwenye pwani ya Pasifiki wanaolindwa wamegawanywa katika makundi 28, na kila kundi lina hesabu yake. Samoni wa aina ya Chinook wanaopanda mto Sacramento majira ya baridi hawawezi kufidiwa na Chinook wa mto Columbia.

Katika makundi hayo wamo trauti waendao baharini, wanaoitwa stilihedi. Msomaji wa Nyeri atashangaa kujua kwamba anawafahamu ndugu zao. Trauti wa upinde wa mvua anayefugwa Kiganjo na kuvuliwa katika mito ya Mlima Kenya na Aberdare ni spishi ile ile. Kenya aliletwa na walowezi katika karne iliyopita, akapandikizwa mitoni. Kwao Marekani, wale wanaokwenda baharini na kurudi ndio wanaohesabiwa mmoja mmoja.

Lakini kwa nini kuwagusa kabisa? Si bora kuwaacha? Twende mtoni tuone. Mtego unaotumika sana kwa vifaranga wanaoshuka kuelekea baharini ni koni kubwa ya chuma iliyolazwa kati ya maboya mawili, mdomo wake ukitazama mto unakotoka. Mkondo unaizungusha, na kifaranga aliyeingia husukumwa nyuma hadi kwenye sanduku lenye maji. Asubuhi fundi hufungua sanduku: majani, vijiti, vifaranga, na pengine samaki mkubwa aliyekesha akiwala wenzake. Fundi hulowesha mikono kwanza, kwani mkono mkavu huondoa ute unaomkinga samaki na magonjwa. Kifaranga hutiwa kwenye ndoo ya maji baridi yenye dawa kidogo ya usingizi. Akilegea, hupimwa kwa milimita na kukatwa kipande kidogo sana cha pezi kwa ajili ya vinasaba. Kisha inakuja sindano, inayoingiza tumboni chipu ya kioo yenye urefu wa milimita 12.

Chipu hiyo haina betri. Hunyamaza mpaka samaki apite karibu na antena, kama zile zilizofungwa kwenye mabwawa ya Columbia, ndipo hutoa namba yake. Miaka kadhaa baadaye samaki akirudi kutoka baharini akipita bwawa la Bonneville, namba ile ile inasomwa tena, na mtafiti anajua alizaliwa wapi na alichukua muda gani. Baadhi ya vifaranga waliowekwa alama huachiwa tena mtoni makusudi, mbele kidogo kabla ya kuufikia mtego. Wakiachiwa 100, kisha 20 kati yao wakanaswa tena, mtego unapata mmoja kati ya kila watano. Kwa hiyo vifaranga 1,000 sandukuni maana yake ni takriban 5,000 waliopita. Bila hesabu hii hakuna anayeweza kusema kama mto unapona au unakufa.

Hatari ziko kila hatua, na kibali huzijibu kwa masharti. Samaki wanaolindwa washughulikiwe kwanza, warudi majini mapema. Sindano iwe safi kwa kila samaki. Maji yakizidi nyuzi 21 za Selsiasi, hakuna kushika vifaranga: watambuliwe na kuhesabiwa kwa macho tu, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo na samaki amekwisha kuchoka kabla hujamgusa. Samoni mkubwa akiingia mtegoni kwa bahati mbaya wakati unatafuta vifaranga, mwachie hapo hapo bila kumpima. Kwa wanaotumia umeme kuwalewesha samaki kijitoni, masharti ni makali zaidi: umeme wa mkondo wa moja kwa moja (DC) tu, uanzie nguvu ya chini, usitumike karibu na samaki wanaotaga, wala maji yakipita nyuzi 18. Mshtuko ukizidi, misuli hukaza ghafla kiasi cha kuvunja uti wa mgongo.

Kabla ya kibali kutoka, ombi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali na umma hupewa siku 30 za kutoa maoni. Kisha idara inajigeukia yenyewe, maana sheria hailiachi hata shirika la serikali litoe ruhusa bila kupima kama ruhusa hiyo itahatarisha kundi zima. Hapo ndipo vifo vyote vilivyoombwa hujumlishwa na kulinganishwa na idadi ya samaki waliopo. Mkubwa mmoja aliyekwisha kuvuka bahari na kurudi ana uzito kuliko vifaranga wengi, ambao karibu wote wangekufa hata bila mtafiti.

Hesabu hizo ziliwahi kufika mahali pagumu kuliko pote, katika ziwa Redfish, Idaho. Samoni aina ya sockeye wa huko husafiri takriban kilomita 1,450 kutoka baharini, hupita mabwawa manane na kupanda hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Watu wa Shoshone-Bannock, ambao mababu zao walikula samaki hao, waliiomba serikali mwaka 1990 iwalinde, na mwaka 1991 wakaorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Mwaka 1992 alirudi mmoja tu, dume, ambaye watu walimwita Larry Mpweke. Tangu 1991 hadi 1998 waliorudi kutoka porini walikuwa 16 kwa jumla.

Unafanya nini na 16? Uamuzi ulikuwa kuwachukua wote. Walikamatwa, wakazalishwa kituoni, mbegu za kiume zikagandishwa kwa ajili ya miaka ya mbele. Fikiria uzito wake: samaki wote wa asili waliobaki kutolewa mtoni kwa mkono wa binadamu, jambo ambalo bila ruhusa ya kisheria lingekuwa kosa kubwa kuliko yote. Kundi lile lipo hadi leo kwa sababu hiyo, ingawa bado ni dhaifu. Kiangazi cha 2015 maji ya mito ya Columbia na Snake yalipata joto kupita kiasi, na wengi wa waliokuwa wakirudi walikufa njiani.

Mtafiti wa kawaida hukutana na mambo madogo zaidi, yanayochosha. Kijito chenye stilihedi na trauti aina ya “bull trout”, yule mwindaji wa maji baridi, kina wenyewe wawili: wa kwanza yuko chini ya NOAA, wa pili chini ya idara ya samaki na wanyamapori. Vibali viwili, na mara nyingi cha jimbo juu yake. Kwa makundi yaliyo katika daraja la pili la hatari, watafiti wa majimbo wana njia fupi ya kupitisha mipango yao kwa pamoja, lakini hesabu ya samaki iko pale pale.

Mwisho wa mwaka kila mwenye kibali hutuma ripoti: waliokamatwa, waliowekwa alama, waliokufa, na kwa sababu gani. Ukizidisha idadi uliyopewa unasimamisha kazi na kuijulisha idara. Kwa kawaida vifo huwa vichache sana kuliko vilivyoruhusiwa, kwa kuwa waombaji hutaja kiwango cha juu ili wasisimamishwe katikati ya msimu. Namba hizo halisi ndizo idara inazotumia kupima ombi linalofuata.