Tawi la Neva Hujuaje Kwamba Limejigusa Lenyewe?

Mkulima wa Kibosho au Tengeru akipogolea mbuni huanza na matawi yanayopishana, kwa sababu yanazibiana mwanga. Seli ya neva nayo ina matawi, dendraiti, ya kupokea taarifa. Yakirundikana mahali pamoja, taarifa ileile hupokelewa mara mbili na eneo la jirani hubaki tupu. Seli haina wa kuipogolea. Hutegemea protini zilizochomoza kwenye utando wake wa nje.

Iliyochunguzwa sana ni Dscam1 ya nzi wa matunda. Jeni yake moja ina vipande vya kuchagua: kimoja kati ya 12, kimoja kati ya 48, kimoja kati ya 33 na kimoja kati ya 2. Zidisha, utapata aina 38,016 za protini hiyo. Kila seli hutengeneza aina chache tu, kwa hiyo ni vigumu majirani wawili kufanana.

Matawi yakigusana, protini za aina moja hunasana. Hapa wengi hukosea wakidhani kunasana ni kuungana. La! Kunasana huko hupeleka ishara ndani ya seli, na matawi huachana. Dscam1 ikiondolewa, matawi ya seli moja hupishana na kushikamana. Seli zote zikipewa aina moja tu, hata majirani waliopaswa kutumia eneo pamoja hukimbiana.

Kwa mamalia kazi hii hufanywa zaidi na protokadherini, kundi la protini zenye jeni zaidi ya 50.

Lakini tawi lazima pia lielekezwe pa kuchipua. Kwa mnyoo C. elegans, mwenye urefu wa milimita 1, ngozi hubeba protini za SAX-7 na MNR-1, na neva huzinasa kwa protini yake, DMA-1. Mojawapo ikikosekana, matawi ya pembeni hayachipui ipasavyo.

Ndugu wa SAX-7 kwa binadamu ni L1CAM, ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu X, ile ambayo mwanamume ana moja tu. Ikiharibika, mtoto, karibu kila mara wa kiume, anaweza kuzaliwa na kichwa kikubwa chenye maji na vidole gumba vilivyokunjamana kiganjani. Hicho si chanzo cha kawaida cha kichwa maji. Maambukizi na mgongo wazi huonekana zaidi. Hata hivyo, mama mwenye kaka au wajomba waliozaliwa hivyo amweleze daktari kliniki, iwe Moshi au Arusha: akiwa amebeba hitilafu hiyo, kila mtoto wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi.