Je, wajua kwa nini aliyezoea Kitonga huogopa kupanda ndege?

Mama yangu mdogo wa Tukuyu ameteremka Kitonga, ule mteremko mkali wa barabara kule Iringa, kwa basi miaka mingi, kona baada ya kona, bonde likiwa chini ya dirisha lake, na mara nyingi huwa amesinzia. Lakini siku alipopanda ndege kwa mara ya kwanza pale Songwe, alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Ndugu walimcheka. Walikosea, maana hofu ile ina chanzo chake mwilini.

Ndani ya sikio mna vifereji vyenye majimaji na vijiwe vidogo mno, ambavyo huuarifu ubongo mwili unaelekea wapi. Ndege inapoondoka hukaza mwendo na kuinua pua. Muda mfupi baadaye rubani hupunguza nguvu ya injini na kuishusha pua kidogo. Ndege bado inapanda, ila polepole zaidi. Sikio halijui hilo. Linahisi badiliko tu, macho hayaoni upeo wa kulisahihisha, na mlio wa injini nao umefifia. Ubongo unaamua: tunaanguka! Moyo unaenda mbio, viganja vinalowa. Kucha za mama mdogo ziliniingia dakika hiyohiyo.

Halafu kuna mitikisiko. Upepo ukigonga milima kama Rungwe, wenye karibu mita 3,000, huvurugika kama maji ya mto yakipita kwenye mawe. Mchana jua nalo huipasha ardhi moto na hewa hupanda. Bawa la ndege limeundwa lipinde, kama mianzi ya ulanzi kule Iringa. Anayeumia katika mtikisiko mara nyingi ni yule ambaye hakufunga mkanda.

Barabara huua watu wengi kuliko ndege za abiria, lakini ubongo hauhesabu hivyo. Kwenye basi unamwona dereva, na unaweza kuomba ushuke.

Tiba yake? Kukimbia ndiko kunakoilisha hofu. Kila ukiahirisha safari unapata nafuu, na ubongo unajifunza kwamba umepona kwa sababu umekimbia. Wanasaikolojia humsogeza mtu hatua kwa hatua: picha, sauti za injini, siku moja ya kwenda uwanjani kuangalia ndege zikitua, kisha safari fupi. Hofu hupanda, na ukibaki palepale hushuka yenyewe. Kutoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, husaidia. Kiti cha karibu na bawa nacho hutikisika kidogo kuliko cha nyuma. Vidonge vya kutuliza bila daktari, sivishauri kabisa, hasa vikichanganywa na pombe.

Safari ya pili nilimweleza mama mdogo mapema kuhusu mlio utakaofifia. Ulipofifia, akanigeukia: “Ndiyo huu, mwanangu?” Nikamwambia ndiyo. Mkono wangu hakuuachia, lakini safari hii kucha hazikuniingia.