Je, wajua? Kwa Kiojibwe, glavu ni hai, kiatu si hai

Huko Wisconsin, Marekani, Waojibwe wa Lac Courte Oreilles, wenyeji wa asili wa huko, wana shule iitwayo Waadookodaading, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chekechea yake huendeshwa kwa Kiojibwe. Kabla ya kutoka kwenye theluji, viatu vina amri yake, biizikan, na glavu zina yake, biizikaw. Zote ni "vaa". Kwa sarufi yao, ya kwanza ni ya kisicho hai, ya pili ni ya kilicho hai. Mtoto wa miaka mitano huyajuaje hayo?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba anakuja nayo kutoka kwao, shule ikamwongezea kusoma na kuandika. Sivyo kabisa. Watoto wengi huingia darasani wakisema Kiingereza, maana wazazi wao nao walilelewa kwa Kiingereza. Katika vizazi vya nyuma yao, watoto walipelekwa shule za bweni ambako kusema lugha yao kulileta adhabu. Hata walimu wengi wa leo wamekipata Kiojibwe ukubwani, kwa kukaa na wazee na kusikiliza. Basi lugha hapa haitoki nyumbani kwenda shuleni. Inatoka shuleni, na mtoto ndiye anayeibeba kwenda kwao. Nilidhani pia kwamba mwalimu huandika neno ubaoni na tafsiri yake kando. Hapana, hatafsiri.

Anachofanya tunakijua sisi tunaosema Kiswahili. Kijiko kimeanguka, lakini kiboko ameanguka. Yote mawili yanaanza na ki-, na hakuna mama aliyemkalisha mwanawe kumweleza ngeli. Mtoto alisikia kijiko kimeanguka, kimepotea, kilete, mpaka siku moja "kijiko ameanguka" ikamkwaruza sikio. Chekecheani ni vivyo hivyo: mwalimu ananyanyua kiatu, biizikan, ananyanyua glavu, biizikaw, kila siku ya baridi, mtoto akiwa na kitu chenyewe mkononi. Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha kiambishi tu, wao wanabadilisha kitenzi chenyewe.

Wapo wanaosema vitu "hai" ni vile vyenye roho au nguvu. Kwa jiwe, asin, ambalo nalo ni hai, maelezo hayo yana uzito, kwani mawe yana nafasi kubwa katika ibada zao. Kwa matunda yanapwaya: rasiberi ni hai, stroberi si hai, ingawa stroberi ndiyo inayoitwa ode'imin, tunda la moyo.

Napenda sana hapo. Mpe mtoto bakuli lenye matunda hayo mawili. Akitia rasiberi mdomoni, "naila" yake ni nindamwaa. Akifuatisha stroberi, ni nimiijin.