Toa hicho kipandikizi kabatini

Wiki hii tena nimetumiwa picha kwa WhatsApp: kipandikizi cha jeraniamu, yaani kipande cha shina kilichokatwa ili kitoe mizizi, ndani ya kabati la jikoni, majani ya njano, shina limeoza chini. "Si mizizi hupenda giza, mzee?" Mizizi, ndiyo. Kipandikizi bado hakina mizizi. Kina majani, na majani yanataka mwanga.

Ukikata shina, oksini, homoni ya ukuaji inayoshuka kutoka nchani, hurundikana penye kidonda. Seli za pale huanza kugawanyika, na kazi hiyo hula sukari. Sukari hutoka kwa majani, au kwa wanga uliowekwa akiba kabla ya kisu. Tuendelee.

Ukiniambia "giza", nitakuuliza: giza la nini? Giza la chini ya udongo sina ugomvi nalo. Lipo pia giza la mmea mama, ule unaokatwa kipandikizi, kabla ya kukata: wazalishaji wa avokado huacha chipukizi likue gizani hadi liwe refu na jeupe, kisha hufukia sehemu yake ya chini na kuirudisha ncha kwenye mwanga. Shina lililokulia gizani huwa laini, halijakomaa kuwa mti, nalo hutoa mizizi pale ambapo shina la kawaida lingekataa.

Linalonichosha ni giza la kipandikizi kizima baada ya kukatwa, kwa sababu hapo kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayosambaa. Watafiti wa Ujerumani walichapisha mwaka 2010 kwamba petunia iliyokaa gizani siku 7 kabla ya kupandwa ilitoa mizizi vizuri zaidi. Ni kweli. Lakini jaribio lao kuu lilikuwa kwenye nyuzi 10 za Selsiasi, ingawa petunia ilinufaika hata kwenye nyuzi 20! Kwenye baridi hiyo kipandikizi hupumua polepole, na akiba huisha polepole. Kabati lako la Februari hapa Nairobi ni joto. Humo kinapumua usiku na mchana na hakitengenezi chochote. Tena, faida ya ile petunia ilionekana iliporudishwa kwenye mwanga: sehemu ya juu ilikua kidogo, sukari ikajaa chini. Bila mwanga huo, sukari ingetoka wapi?

Halafu petunia si jeraniamu. Waulize wanaosafirisha vipandikizi kutoka hapa kwenda Ulaya kwa ndege. Maboksi yana giza, ndiyo, lakini wanahangaika na baridi njia nzima, maana jeraniamu ikipata joto humo hufika njano.

Nami sidai kwamba sukari ndiyo jibu lote. Mmea mama ulionyimwa naitrojeni hujaza wanga tele, na vipandikizi vyake bado vinaweza kununa kitaluni bila kutoa mizizi. Ule mshale wa vitabuni, kutoka wanga moja kwa moja hadi mizizi, umenyooka mno kwangu.

Angalia vitalu vya chai vya Kericho: jani moja, kipande kifupi cha shina, nailoni juu, na kivuli. Kivuli, jamani, si giza. Ling'oe lile jani uone kitakachobaki.

Kwako nyumbani, weka kipandikizi karibu na dirisha lisilopigwa na jua kali, funika kwa chupa ya maji ya lita 5 iliyokatwa kitako. Julai, mawingu yakikaa wiki nzima, subiri zaidi na upunguze maji. Na yale maji ya sukari mnayoshauriana huko mitandaoni yanalisha ukungu tu; hiyo sukari itieni kwenye chai.