Umbali wa safari ya farasi: maana yake na namna ya kuupima

Gari lina mita kwenye dashibodi. Farasi hana, na ndiyo maana watu wawili wanaorudi kutoka njia moja hushuka na namba mbili tofauti.

Umbali wa safari ya farasi ni urefu wa njia ambayo kwato zimeikanyaga, pamoja na kona zake, mizunguko ya kukwepa tope na kile kipande ulichorudi nyuma kuokota kofia. Usiuchanganye na umbali wa ndege, yaani mstari ulionyooka kutoka bandani hadi ulikofika. Kwenye njia ya mlimani au msituni mstari huo hupungua sana ukilinganishwa na safari yenyewe. Tatizo ni kwamba karibu hakuna chombo kinachopima zile kwato moja kwa moja. Kimoja kinapima muda, kingine hatua, kingine kinaunganisha alama za mahali, halafu vyote vinakuletea jibu kwa kilomita kana kwamba vimepima kitu kimoja.

Njia kongwe kuliko zote ni muda. Waliopita madrasa wanaikumbuka mas-ala ya kupunguza sala safarini: katika madhehebu ya Shafi, safari inayoruhusu hilo ni ya marhala mbili, yaani farsakhi 16, na kila farsakhi ni maili tatu za kale, si maili za leo. Marhala ni mwendo wa siku moja wa mnyama aliyebeba mizigo. Wanachuoni wa leo wakiigeuza safari hiyo kwa kilomita, wengi hutaja 80 na kitu. Kipimo kimetokana na mnyama na jua, kilomita zimekuja baadaye.

Wanajeshi wa farasi walikifanya kipimo hicho kuwa kanuni. Jeshi la Marekani mwishoni mwa karne ya 19 lilitaka farasi atembee maili 4 kwa saa, aende matiti maili 8 kwa saa, na akikimbia apige maili 12. Kwa kilomita ni kama 6.4, 13 na 19. Matiti ni ule mwendo wa kurusharusha, mguu wa mbele wa kushoto ukigusa chini pamoja na wa nyuma wa kulia, kisha jozi nyingine. Ukijua mwendo gani umetumika kwa dakika ngapi, umbali unaupata kwa hesabu ya darasa la tano.

Tuseme umetoka kwa saa moja na dakika 50. Katika hizo, farasi ametembea dakika 60, ameenda matiti dakika 30, amekimbia dakika 5. Hiyo ni kilomita 6.4, jumlisha 6.5, jumlisha 1.6: kilomita 14.5. Zile dakika 15 zilizobaki alikuwa amesimama, anakunywa maji au wewe unaongea na mtu njiani, na hazina hata mita moja. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Wanachukua saa zote walizokuwa juu ya tandiko, wanazidisha kwa mwendo wa matiti, kwa sababu matiti ndiyo wanayoyakumbuka mwilini.

Kwamba jicho na uchovu hukuza umbali si dhana tu. Mei 1847, msafara wa Wamormoni, waumini wa dhehebu moja la Marekani, ulipokuwa ukielekea magharibi ya nchi hiyo kando ya mto Platte, William Clayton alichoka kusikia kila mtu akikisia maili zake. Akapima mzingo wa gurudumu la mkokoteni: futi 14 na inchi 8, kiasi kwamba mizunguko 360 ilikuwa maili moja kamili. Akafunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu, akatembea kando yake siku nzima akihesabu kila kitambaa kilipopita. Jioni alikuwa na mizunguko 4,070, maili 11 na robo na kidogo juu yake, kama kilomita 18. Wenzake walikuwa wakisema maili 13, wengine 14. Baada ya siku chache wakatengeneza kifaa cha meno ya mbao cha kuhesabu mizunguko, maana kazi ile ya kitambaa mtu haifanyi mara ya pili kwa hiari.

Mpanda farasi hana gurudumu, lakini anaweza kuliazima mara moja tu. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote kwa mtu asiye na vifaa vya bei. Chukua baiskeli, chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine chini, isukume hadi alama iguse chini tena, kisha pima kati ya alama mbili za ardhini. Tairi ya inchi 26 hutoa kama mita 2.07, kwa hiyo mizunguko 483 ni kilomita moja. Isukume baiskeli kwenye njia unayoizoea, weka jiwe mwanzo na jiwe mwisho. Kisha mpitishe farasi wako hapo kwa kila mwendo, ukiwa na saa mkononi. Akitembea kilomita 6.4 kwa saa atamaliza kwa dakika 9 na sekunde 22. Akienda matiti ya kilomita 13, dakika 4 na sekunde 37. Wako huenda ni mvivu zaidi au ana haraka zaidi, na hiyo ndiyo faida: namba zinakuwa zake, si za jeshi. Rudia kwenye mchanga, maana huko atakuwa mzito.

Siku hizi kazi hii tumeiachia simu yenye GPS. Simu hupokea ishara za setilaiti, huweka nukta ya mahali ulipo kila baada ya sekunde kadhaa, kisha huunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka na kujumlisha urefu wake. Kwenye barabara pana ya vumbi, chini ya anga wazi, matokeo ni mazuri kabisa. Uwanja wa mazoezi ndio unaoiumbua. Chukua duara la kipenyo cha mita 20, ambalo mzingo wake ni karibu mita 63. Farasi wa matiti anakwenda mita 3.6 kila sekunde, na simu ikiweka nukta kila sekunde tano, kati ya nukta mbili amekanyaga mita 18. Simu inakata kona na kuandika 15.7. Karibu asilimia 13 ya kazi ya farasi imepotea, kabla hata hujalaumu miti au kuta. Kinyume chake, ukisimama kivulini nukta hutangatanga huku na huku, na simu inaandika mita ambazo hakuna aliyezikanyaga. Isimamishe kurekodi unaposhuka.

Saa za mkononi zinazohesabu hatua ziache kwa watembeao. Zinapima mtikisiko wa mkono wako, na mkono ulioshika hatamu hautikisiki kama wa mtu anayetembea kwa miguu yake. Kisha hatua ya binadamu na ya farasi hazina urefu mmoja.

Ramani ya karatasi nayo bado inafaa, hasa kupanga safari kabla ya kutoka. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita moja: laza uzi juu ya njia ukifuata kila kona, unyooshe kwenye rula, ugawe kwa mbili. Uzi nao hukata kona ndogo ambazo mchoraji hakuzichora, kwa hiyo jibu lake ni la chini.

Watu huuliza kuhusu milima, wakidhani kupanda kunaongeza kilomita nyingi. Mteremko wa asilimia 10 kwa kilomita moja ya ramani unaongeza mita 5 tu. Farasi anaumia kwa sababu nyingine kabisa: anainua uzito wake na wako mita 100 juu. Ndiyo maana kwenye mbio za masafa marefu umbali peke yake hautoshi. Tevis Cup ya California, inayofanyika tangu 1955, ni maili 100 za milima ya Sierra Nevada ndani ya saa 24, na njiani madaktari wa mifugo humkagua farasi, mapigo ya moyo yakiwemo. Mbio za jangwani za Imarati, ambazo wasomaji walioko Ghuba wanazifahamu, baadhi yake ni za umbali huohuo wa kilomita 160 kwenye ardhi tambarare, na kasi huko ni kubwa zaidi. Katika mbio hizo zote, urefu unaohesabiwa ni ule wa njia iliyopimwa na kuwekewa alama na waandaaji. Simu yako ikisema 157, ni ya kwako mwenyewe.

Kwa daftari la nyumbani, andika kando ya kilomita mambo mawili: dakika za kila mwendo, na ardhi ilikuwa ya namna gani. Saisi atakayemtunza farasi kesho atavihitaji hivyo viwili kabla ya kuiangalia namba yenyewe.